Mama Prezida na Mtu wa Kumkatalia

Bodi yetu ilikula kabla ya kikao, si baada. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza ya Mama Prezida alipokalia kiti. Zamani sahani zilikuwa zinasubiri nyuma ya mlango, harufu ya nyama inapenya, na kila hoja inapita kama maji kwenye mfereji. Yeye akaona. Akasema, "Mutu wa njaa anakubalia kila kitu, ili afike kwa sahani." Basi tukawa tunakula matoke na maharage asubuhi, jasho likitutoka, halafu ndipo tunafungua kikao.

Matokeo yake mjumbe wa wilaya alikuwa analala. Alilala kwa heshima, mikono juu ya tumbo, miwani mahali pake. Mama Prezida hakumwamsha. Alitunga amri ya pili: aliyelala amekataa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyepinga matumizi mabaya katika bodi yetu kumshinda mjumbe wa wilaya. Safari za semina, viti vya kuzunguka, gari la pili, vyote alivikataa bila kufumbua macho.

Mfuko wenyewe ni wa kuwalipa watu wanaoumia kazini. Wenye matanuri ya matofali, mashine za kusaga, karakana na maghala, kuanzia makazi ya Nakivale hadi Mbarara mjini, wanachanga kila mwezi. Mfanyakazi akikatwa kidole, au akiangukiwa na gunia, Mfuko unamtibu na kumlisha mpaka asimame. Ni mali ya umma, maana yake kila mtu alikuwa na binamu wa kumwingiza. Ofisi iko Kakoba, ubavuni mwa karakana ya kuchomea vyuma, na barua zetu zote zimeandikwa kwa kelele. Wajumbe wa bodi tulikuwa saba. Nilituhesabu mara mbili, kwa sababu wakati wa kula tulikuwa tisa.

Nikitakiwa kumwelezea Mama Prezida kwa mtu asiyemjua, ninaanza na hili: alizunguka akitafuta mkurugenzi anayejua kukataa, akampata, na mkurugenzi huyo akaja kumkatalia yeye mwenyewe, Mama mguu umevunjika na mashine yake ya kusaga mihogo iko karibu kuuzwa. Mengine yote ni kachumbari. Lakini kachumbari nayo inaliwa.

Alitoka Kivu ya Kusini kama mimi. Zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakusema. Alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na mashine. Hata kanisani alisali kama mtu anayemwita Mungu kutoka ng'ambo ya injini. Mashine yake ilikuwa Nakivale, karibu na njia ya soko, na siku za kikao alikuja Mbarara na unga bado kwenye nyusi. Alinunua kwangu koti la kiume la kijivu, maana mimi ninauza nguo za mtumba, caguwa kama tunavyosema sisi, na koti hilo aliliita koti la serikali. Alilivaa mlangoni pa ofisi na kulivua mlangoni pa ofisi, akalitundika kwenye msumari. Hakutaka lionekane barabarani. "Barabarani miye ni mama wa unga," alisema. "Prezida anabakia mule ndani, kwa msumari."

Mimi aliniita kijana wa caguwa, ingawa nilikuwa na mvi kumzidi.

Alikuwa na chuki kubwa na maneno marefu, na yeye mwenyewe alikuwa na hotuba ambazo ukienda kujisaidia ukirudi unaikuta sentensi ile ile. Alisema mjumbe asitumie simu kikaoni, na simu yake ililia mara nyingi kuliko zote, kwa sababu wateja walitaka kujua kama mashine imewashwa. Alijibu palepale: "Niko kwa bodi! Muko na gunia ngapi?" Tukimtazama, anasema hiyo si simu, hiyo ni kazi.

Na alikosea. Lazima niseme, kwa sababu siku hizi wanamsifu kama mtu asiyejikwaa. Mkurugenzi wetu wa kwanza alimchagua yeye, kwa nguvu, dhidi ya ushauri wa watu watatu wenye akili na mimi wa nne. Kijana yule alikuwa na Kifaransa kitamu, tai nyembamba, na tabia ya kusema "uwazi" huku akifungua viganja vyote viwili. Hakuiba hata senti. Tulimkagua kwa hamu na hatukupata kitu. Alichofanya ni kununua kibao kikubwa cha Mfuko, kisha mapazia, kisha kibao kidogo cha kuonyesha kibao kikubwa kilipo. Wagonjwa walikaa kwenye benchi hadi makovu yakapona yenyewe. Alipoondoka, kwa hiari, akipata kazi penye mapazia bora zaidi, Mama Prezida alisimama kikaoni, hakukohoa, hakuzunguka.

"Miye njo nilimuleta," alisema. "Tulioa sura. Sasa tutafute ukoo."

Sisi tulidhani ni methali. Kumbe ni mpango.

Kwetu, na kwa Warundi, na kwa Wanyankore waliotupokea, kijana akitaka kuoa hajisemei. Anaketi kimya kama mzigo, na mtu mwingine anamsemea. Wanyankore wana jina lake, katerarume, na kazi ya mtu huyo haiishi siku ya mahari. Ndoa ikiyumba, yeye ndiye anayeitwa kwanza: ulituambia kijana ni mzuri, njoo umtazame sasa. Mama Prezida alisema mkurugenzi wa Mfuko ataajiriwa hivyohivyo. Mwombaji alete vyeti vyake, tutavisoma. Halafu siku ya usaili alete mtu wa kumsemea, naye mwenyewe asifungue mdomo mpaka aulizwe.

"Mutu anajisifu bure," alisema. "Lakini mwenye anamusifu mwingine anaweka jina yake rehani."

Mjumbe wa wilaya aliamka kabisa kupinga. Akasema jambo hilo halipo katika miongozo. Mama Prezida akamwomba amwonyeshe mahali miongozo inapokataza. Alipekua, akapekua, halafu chakula kikamlemea.

Tangazo likasomwa redioni, na mji ukacheka wiki nzima. Madereva wa boda pale Kakoba walianza kujitangaza: ninakusemea kwa mkurugenzi, bei nafuu, kofia juu. Lakini waombaji walikuja.

Wa kwanza hakuja na mtu, alikuja na barua ya mheshimiwa mmoja. Mama Prezida aliishika ile barua kwa ncha za vidole, akauliza, "Huyu mheshimiwa, direkteri akituharibia kazi, tukimwita atakuja?" Mwombaji akasema mheshimiwa ana shughuli nyingi. "Basi mupeleke salamu," akasema Mama, na barua ikarudi mfukoni ilikotoka.

Wa pili alikuwa mtoto wa dada yake. Hapo Mama Prezida alisimama, akavua koti, akalitundika, akatoka nje kukaa na wachomea vyuma, kwa sababu hakutaka kumhukumu wa damu yake. Jambo zuri, na tulimheshimu. Tatizo ni kwamba dirisha lilikuwa wazi. Kijana akisemewa neno zuri, kule nje kulikuwa kimya. Akisemewa neno la uongo, kule nje mtu anakohoa. Msemaji wake akasema kijana hajawahi kugusa pombe, na kikohozi kilichosikika kilimshtua hata mchomea vyuma. Tulimwacha kijana. Dada yake Mama Prezida hakumsalimia hadi Pasaka mbili zilipopita, na Mama aliapa hakutia neno. Ni kweli, neno hakutia.

Wa tatu alikuja na shangazi yake kutoka Isingiro. Kwanza tulicheka, maana katerarume mwanamke hatukuwahi kumwona. Alikuwa mrefu, amevaa gauni la kanisani, ameshika mwavuli ambao hakuufungua wala hakuuweka chini. Kijana mwenyewe alikuwa na shahada mbili na alitazama viatu vyake. Kwa upande wa bodi, msemaji nilikuwa mimi. Walinichagua kwa sababu ninaishi kwa kubishana bei.

"Mama, karibu," nikaanza. "Tunasikia una kijana. Lakini vijana sokoni ni wengi."

"Wengi, ndiyo," akasema shangazi, kwa Kiswahili cha biashara cha upande ule. "Kama nguo yako. Lakini zingine iko na tundu."

Bodi ikacheka. Nikajua nimekutana na mwenzangu.

"Na huyu wako, tundu lake liko wapi?"

Katika mazungumzo ya ndoa hilo ndilo swali gumu kuliko mahari. Ukisema hana kasoro umejionyesha mwongo. Ukisema kasoro ya kweli unaweza kurudi na kijana wako. Shangazi aliufikiria mwavuli.

"Huyu hapana jua kusema ndiyo," akasema. "Alikuwa napima mahindi kwa stoo ya Isingiro. Mimi, shangazi yake, nikaleta gunia zangu. Yeye natia kipimo, nasema, Shangazi, hii mahindi bado mbichi, rudisha nyumbani, anika. Mbele ya watu! Mbele ya mke ya padri wa Kiprotestanti!"

Mama Prezida alikuwa amejiwekea sharti la kukaa kimya kama wazee wa upande wa binti. Alilivunja hapohapo.

"Ilikuwa mubichi?"

"Mvua ilinyesha, nyabo. Mimi hapana Mungu."

"Nauliza, ilikuwa mubichi?"

Shangazi akatazama dari. "Kidogo."

"Ukarudisha?"

"Nikarudisha. Lakini Krismasi ile yeye hapana kula nyama kwangu."

Mama Prezida akaegemea kiti, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia mashine yake ikiwaka baada ya kulala siku nyingi. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ukishaonyesha umekipenda kitu, bei imepanda. Tukabishana hadi mchana. Shangazi alitaka kijana asipigiwe simu Jumapili, na asitumiwe binamu wa mjumbe yeyote. Sisi tukataka akikosea, shangazi aje mwenyewe, hata kama ni siku ya mvua.

"Nitakuja," akasema. "Na nyinyi mkikosea yeye, nani atakuja?"

Hilo hatukuwa tumelipanga. Mimi nilimtazama mjumbe wa wilaya, mjumbe wa wilaya akawatazama wajumbe wenye matanuri.

"Miye," akasema Mama Prezida.

Hivyo ndivyo tulivyompata Mkurugenzi. Na ndani ya miezi michache Mama Prezida alikuwa akimsifu kikaoni na kumlaani njiani. Aliwatuma kwake vibibi wenye mgongo, Mkurugenzi akawarudisha kwa upole na nauli: huu si mgongo wa kazini, huu ni mgongo wa miaka. Alimpelekea mwenye karakana, rafiki yake wa kanisa, apunguziwe mchango. Akaongezewa, kwa sababu alikuwa ameficha wafanyakazi wawili. "Ile kijana iko na kichwa ya jiwe ya kusagia," aliniambia tukitoka. Nikamwuliza kama anataka tumwachishe. Akanitazama kana kwamba nimepima unga wake na kumdanganya. "Weye nawe! Nani alikwambia jiwe la kusagia linakuwa laini?"

Jambo moja walishindana kabisa. Mama Prezida alipenda kwenda kuwaona walioumia na mahali walipoumia. Mkurugenzi akasema bodi kazi yake ni kupanga na kuuliza. Kukagua ni kwa watu wa ofisi, wamefundishwa, wana viatu. Akamwandikia asiende tena. Mama akaipokea barua kwa mikono miwili, akaikunja vizuri, akaenda. "Macho ya kutumwa haioni mingi," alisema.

Basi kulikuwa na fundi wa tanuri, nje kidogo ya Nakivale, aliyedai alianguka kwa sababu kipago cha ngazi kilivunjika. Mwenye tanuri, mjumbe mwenzetu, akasema ngazi ni nzima, fundi alikuwa amelewa. Watu wa ofisi walikuwa waende Alhamisi. Mama Prezida alikwenda Jumanne, na unga kwenye nyusi, akaitazama ngazi kutoka chini, akaitazama kutoka pembeni, halafu akapanda.

Mimi nilikuwa hapo. Alikuwa amenivuta twende pamoja, kwa kuwa nilikuja kuuza suruali. Kipago cha kwanza kilimbeba. Cha pili kilimbeba. Cha tatu kililia kama mbuzi, na Mama Prezida akashuka kwa njia fupi. Nilipomfikia alikuwa amelala juu ya matofali mabichi, mguu umetazama upande usiotazamwa na mguu, na jambo la kwanza alilosema, meno yakigongana, lilikuwa:

"Mumulipe yule mutu. Ngazi ni mubovu kweli."

Fundi alilipwa wiki hiyohiyo. Mkurugenzi mwenyewe alisaini, akaandika kwamba ushahidi ni wa kutosha.

Mama Prezida alilazwa Mbarara, wakamfunga mguu, wakamwambia atakaa muda mrefu bila kusimama. Na mashine ya kusaga haisagi kwa kukaa. Binti yake alikuwa na mtoto mchanga, wateja wakaanza kupeleka mihogo kwingine, na mtu mmoja mwenye mashine upande wa pili wa soko akaja kumjulia hali akiwa na papai moja, na macho yake yote yakiipima injini. Alitaja bei. Ilikuwa bei ya chuma chakavu. Nilimwambia Mama asikubali; akasema mwezi mmoja zaidi, atakubali.

Ndipo akaleta dai lake kwenye Mfuko. Nilimsindikiza. Alikuwa na magongo mawili, na koti la serikali hakulivaa. Alilipita pale kwenye msumari kama hawajuani. Mkurugenzi alisimama, akamvutia kiti, akamletea chai, akamwekea mguu juu ya kiti kingine. Alipoanza kuwa mwema namna hiyo nikajua.

"Mama, Mfuko hauwezi kukulipa."

"Sababu?"

"Mjumbe wa bodi si mfanyakazi, na hafaidiki na Mfuko akiwa kwenye kiti. Ndivyo kanuni inavyosema."

Kanuni hiyo ninaijua ilivyozaliwa. Mjumbe mmoja alikuwa amedai alipwe jino, lililovunjika kwenye mfupa wa mbuzi wa kikao. Alidai ameumia kazini. Mama Prezida alikasirika hadi akapitisha kanuni siku ileile, kabla sahani hazijaoshwa.

"Ile ilikuwa ya jino," akasema Mama.

"Haikutaja jino, Mama. Ilitaja mjumbe."

"Na ngazi ya tanuri, ile nilikuwa nacheza?"

"Nilikuandikia usiende."

"Uliandika Kiingereza."

"Niliandika Kiswahili, Mama."

"Kiswahili ya redio!" Akainywa chai yote kwa hasira, akaomba nyingine.

Kikao kikaitwa. Mama Prezida alikwenda nje kukaa na wachomea vyuma, na mimi nikawekwa kuongoza. Karibu sote hatukutaka kumwacha. Mwenye tanuri alilia kabisa, na ndiye mwenye ngazi. Bodi ina uwezo wa kutengua uamuzi wa mkurugenzi. Nilihesabu mikono, nikarudia: wanne wanataka alipwe, mmoja hataki, na mjumbe wa wilaya amelala, kwa hiyo wawili. Dai limepita. Mkurugenzi aliketi wima. Akasema tukitengua, atalipa kesho asubuhi, kwa sababu bodi ni bodi. Lakini atabandika uamuzi huo ukutani kwenye benchi la wagonjwa, ili kila mmoja asome kwamba kanuni ina mlango wa nyuma na uko upande gani.

Sote tukajua benchi lile litakavyosoma.

Kabla sijagonga meza, dirishani pakatokea gongo, likagonga kioo. "Musikate shauri!" ilikuwa sauti ya Mama Prezida. "Kwetu mukwe akikukosea haumupigi kofi. Unaita mwenye alimusemea. Muite ule mama wa Isingiro."

Sikuelewa kama alikuwa anauokoa Mfuko au anatafuta mahakama nyingine. Nadhani vyote viwili. Ndivyo alivyokuwa: hakuwahi kwenda sokoni kwa shida moja.

Shangazi akaja na mwavuli wake. Mvua haikuwepo. Tukamweleza habari yote, naye akamgeukia Mama Prezida, wakatazamana, wanawake wawili wazito, mmoja na gongo, mmoja na mwavuli.

"Pole ya mguu, nyabo. Sasa mimi nauliza. Siku ile ulianguka, ulikuwa bodi?"

"Nilikuwa."

"Na sheria nasema bodi hapana lipwa?"

"Inasema."

"Nani alileta hiyo sheria?"

Mama Prezida akatazama dari. "Tuliileta."

"Nani?"

"Miye."

Shangazi akavuta pumzi. "Basi, nyabo, hii mahindi iko mbichi."

Niliutazama mguu wa Mama Prezida kwenye kiti, nikamwona kwenye akili yangu yule mtu wa papai. Mama aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa hajalia, lakini uso ulikuwa umepungua.

"Nilitaka mutu wa kukatalia batu," alisema polepole. "Sikufikiri kama nami ni mutu."

"Kijana yetu hapana kosa," akasema shangazi. "Lakini mkwe akikatalia mama, nyumba ya mkwe hapana acha mama alale njaa. Iko ng'ombe yangu moja, nakamuliwa vizuri. Nitaleta kwako Nakivale, unywe, uuze, hadi mguu isimame. Ndama ya kwanza ni yako."

Tukapiga makofi. Mwenye tanuri akalia tena. Na katikati ya makofi Mkurugenzi akasimama, kijasho kwenye paji la uso.

"Haiwezekani," akasema. "Jamaa ya mkurugenzi haiwezi kumpa mwenyekiti wa bodi ng'ombe. Watu watasema amenunuliwa ili nisiachishwe. Na watakuwa na haki ya kusema."

"Banange!" shangazi akaruka. "Hii mtoto! Mara ya pili! Wewe Krismasi hii hata mchuzi!"

Mama Prezida alianza kucheka. Alicheka hadi akaushika mguu kwa maumivu, akaendelea kucheka akiwa ameushika. Alipomaliza alimwuliza Mkurugenzi, kwa sauti ya kawaida, karibu ya chini:

"Na mutu mwenye hana kiti?"

"Asiye na kiti, Mama, anapokea ng'ombe kwa yeyote."

"Na ile ya mguu? Nikiacha kiti, munalipa mguu?"

"Mguu ulivunjika ukiwa kwenye kiti."

"Shetani weye," akasema, kama bibi anavyomwambia mjukuu aliyepata namba moja.

Halafu akanigeukia. "Kijana wa caguwa, andika." Tulimsihi. Mjumbe wa wilaya alimsihi akiwa macho makavu kabisa. Alisema hatapata tena mwenyekiti wa kumwacha apumzike. Kiti kile alikipenda, tusidanganyane. Alikuwa anapita Kakoba wanaume wenye magari wanateremsha vioo kumsalimu. Lakini alikwishapiga hesabu yake: kiti hakisagi mihogo. Niliandika mistari miwili, akasaini kwa herufi kubwa, akashika magongo, akamwambia shangazi, "Dada, ile ng'ombe inakula nini?"

Mwaka uliofuata nilikwenda Nakivale na robota la majaketi, nikapita kwake. Mguu haukunyooka, anatembea kama mtu anayevuka mtaro kila hatua. Mashine ilikuwa inanguruma, binti yake ameisimamia, mtoto mgongoni. Mtu wa papai, niliambiwa, sasa ananunua maziwa hapo, na hapati nyongeza. Ng'ombe alikuwa chini ya kivuli cha bati, mwenye pembe ndefu za Kinyankore, anatutazama kwa dharau ya watu wenye mashamba. Ndama alikuwa na kengele.

Nilikaa nikamlilia. Mkurugenzi amenikatalia hiki, amenikatalia kile. Nimeleta jina la mpwa wangu, kijana mzuri, dereva safi, akamrudisha akisema macho yake hayaoni vibao. Mama alisikiliza huku uso wake ukizidi kunenepa kwa furaha.

"Na kweli haoni?"

"Vibao vidogo."

"Eee," akasema. "Shida."

Jua lilikuwa kali, na nilikuwa nimetembea na robota. Akamimina maziwa kwenye kikombe kikubwa cha bati, yakapanda povu. Nikanyoosha mkono. Mkono wake haukufika.

"Uko bado kwa kiti?" akauliza.

"Niko, kile ulichoniachia."

"Na hii ng'ombe ni ya nani?"

"Yako, Mama."

"Ndama njo wangu. Ng'ombe ni ya shangazi yake direkteri."

Nikaona ninakopelekwa. "Nusu kikombe," nikasema.

"Hapana."

"Basi niuzie."

"Nikikuuzia kidogo, ni zawadi. Nikikuuzia sana, utasema Mama amekuwa mwizi."

"Niuzie bei ya yule wa papai."

"Yule haongozi kitu."

Akaweka kikombe mdomoni, akanywa, bila haraka, mpaka chini, akafuta povu kwa mgongo wa mkono. Halafu akageuka kuelekea kwenye mashine, akapaza sauti ile yake kuishinda injini:

"Weye! Muletee Prezida maji!"